Je, Wajua? Mlima, Shuka na Sura Yako Mwenyewe

Je, wajua kwamba mtu anayetajwa kuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kujipiga picha alikuwa muuza taa? Robert Cornelius wa Philadelphia, Marekani, alikuwa kijana katika biashara ya familia ya taa. Mwaka wa 1839, miezi michache tu baada ya ufundi wa picha wa Daguerre kutangazwa mjini Paris, aliitega kamera nyuma ya duka lao, akafungua lenzi, akakimbia kwenda kusimama mbele yake. Alitulia tuli kwa zaidi ya dakika moja, kisha akarudi kuifunika. Picha ipo hadi leo katika Library of Congress: nywele zimetimka, mikono imekunjwa kifuani, na mwenyewe ameangukia pembeni badala ya katikati. Angejuaje? Hakukuwa na kioo cha kujitazamia.

Na je, wajua kwamba uongo wa picha ulizaliwa karibu siku moja na picha yenyewe? Mwaka wa 1840 Mfaransa Hippolyte Bayard, aliyekuwa amebuni njia yake ya kutengeneza picha lakini sifa zote zikamwendea Daguerre, alijipiga akiwa kifua wazi, macho kafumba, akajifanya maiti ya mtu aliyejitosa majini kwa uchungu wa kudharauliwa. Aliishi miaka mingine 47 baada ya kifo hicho.

Wajua kuna Rombo mbili? Moja ni wilaya ya mkoa wa Kilimanjaro, Tanzania. Nyingine ni yetu, kaunti ya Kajiado, kusini mashariki ya Loitokitok ukishapita Illasit. Zimetenganishwa na mpaka, zikaunganishwa na mlima mmoja, na kwa mwenye simu mkononi mlima huo ni jambo la hesabu, si la mandhari tu.

Hesabu yenyewe ni hii. Mlima Kilimanjaro, mita 5,895, uko magharibi ya Rombo ya Kenya. Kwa hiyo asubuhi jua hutoka nyuma ya mgongo wa mpiga picha na kumwangaza Mawenzi, kilele cha mita 5,149 kilicho upande wetu, mpaka unahesabu mikunjo ya mawe. Jioni mambo hugeuka. Jua huingia nyuma ya mlima, na hasa Machi na Septemba linapotua magharibi kabisa, hujificha kabla hata ya saa yake ya kuchwa. Ukijipiga picha na mlima jioni utapata vivuli viwili vyeusi, chako na chake. Halafu kuna mawingu, ambayo kwa kawaida huanza kuupandia mlima kabla jua halijawa kali. Watu wa Amboseli wamewafundisha wageni kungoja machweo, na kwa upande wao wa kaskazini hilo lina sababu zake. Rombo, asiyeamka na kuku hana picha.

Adhuhuri je? Rombo iko takriban digrii tatu kusini mwa ikweta, kwa hivyo karibu katikati ya Machi, na tena kuingia Oktoba, jua la saa sita husimama utosini kabisa. Mwanga huo huchimba mashimo meusi mahali pa macho. Dawa haihitaji pesa. Ingia chini ya mgunga au kwenye mlango wa nyumba, geuza uso uelekee nje, na uwanja uliokauka utakurudishia mwanga kutoka chini kama karatasi nyeupe ya studio.

Je, wajua kwamba pua yako si kubwa hivyo? Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2018 na madaktari wa upasuaji wa uso ulikokotoa kwamba picha iliyopigwa umbali wa sentimita 30 huifanya pua ionekane pana kwa karibu asilimia 30 kuliko ikipigwa kutoka mita moja na nusu. Kosa ni la umbali. Mkono wa binadamu ni mfupi mno kwa kazi hii.

Ndiyo maana mjanja wa Rombo huegemeza simu kwenye jerikani. Jerikani ya lita 20 iliyojaa maji haitikisiki na upepo, mkono wake wa kubebea huishikilia simu isiteleze, na ukilaza jiwe dogo chini ya simu utapata pembe unayoitaka. Weka taima ya sekunde kumi, tembea hatua nne au tano, geuka. Jaribio la kwanza litakukuta bado umetupa kisogo. La pili utakuwa umekaza shingo kama mtu anayeapishwa. Picha nzuri kwa kawaida ni ile inayofuata, ukishachoka kujipanga na mbuzi mmoja ameshaingia fremu.

Kijiti cha selfi nacho ni cha zamani kuliko wengi wanaokitumia. Mjapani Hiroshi Ueda wa kampuni ya Minolta alikibuni miaka ya 1980, kikaja na kamera yenye kioo kidogo mbele ili ujione. Hakikupata soko. Mwaka wa 1995 kiliwekwa katika kitabu cha kuchekesha kuhusu uvumbuzi wa Kijapani usio na faida.

Je, wajua kwamba si kila mtu wa sehemu hizi alipokea kamera kwa tabasamu? Mskoti Joseph Thomson, aliyepita njia ya Taita na Taveta mwaka wa 1883 akielekea Umasaini, aliandika jinsi alivyojaribu kuwasimamisha wasichana mbele ya kamera yake. Kila alipoinamia kulenga, walitimua mbio. Yeye alichukulia kwamba ni woga wa washamba. Mimi nadhani walikuwa na akili timamu: mgeni anakushika kidevu, anakupanga atakavyo, anajifunika kitambaa kichwani na kukuelekezea mdomo wa sanduku. Wewe ungengoja?

Pwani kamera ilikuwa imefika mapema zaidi. Msafara wa Mfaransa Charles Guillain ulipiga picha za watu wa mwambao wa Afrika Mashariki kati ya 1846 na 1848, chini ya miaka kumi tangu ufundi huo utangazwe.

Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, baada ya kutorokea Ujerumani na kuitwa Emily Ruete, aliingia studio mjini Hamburg akiwa amevaa mavazi kamili ya Kizanzibari, suruali na vito na yote. Mkono uliokuwa kwenye kamera haukuwa wake. Uamuzi wa aonekane vipi, huo ulikuwa wake.

Wajua studio ya Capital Art ya Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka wa 1930, ilipita mikononi mwa mwanawe Rohit na kuhifadhi sura za visiwa tangu enzi ya masultani hadi baada ya mapinduzi? Mombasa kulikuwa na N. V. Parekh, ambaye wateja wake tangu miaka ya 1940 walikuja na bui-bui, na suti, na miwani ya kuazima. Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor, fundi wa kuunganisha picha mbili tatu ziwe moja kwa makasi na gundi na chumba cha giza, miongo kadhaa kabla vijana hawajapata programu ya kufanya hivyo kwa kidole. Na pale Likoni, kando ya feri, wapiga picha walijenga vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba ya ghorofa. Mtu wa bara aliyekuja kutafuta riziki Mombasa alisimama mbele ya ndege ya rangi, akatuma picha nyumbani. Kijijini nani angeuliza?

Lakini bingwa wa mchezo huu barani ni mmoja, na kisa chake kinastahili nafasi.

Samuel Fosso alizaliwa Kumba, Cameroon, mwaka wa 1962, akalelewa kwao mama yake, Nigeria, mpaka vita vya Biafra vikamfukuza. Alifika kwa mjomba wake Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, na mwaka wa 1975, akiwa na umri wa miaka 13, akafungua studio yake mwenyewe. Mchana alipiga wateja: picha za pasipoti, harusi, watoto. Filamu za siku hizo hazikubakizwa hivi hivi. Roli ikibaki na nafasi chache ambazo hazijatumika na wateja wanataka picha zao kesho, una mambo mawili ya kufanya, kuzitupa au kuzitumia. Fosso alifunga mlango jioni, akavaa suruali pana miguuni, viatu vya soli nene na miwani mieusi, akajipiga. Nyingine alimtumia bibi yake Nigeria, aone kwamba mjukuu yu hai na ana afya. Nyingine akazihifadhi. Ziliingia hadharani mwaka wa 1994, kwenye maonyesho ya kwanza ya picha za Afrika mjini Bamako, na dunia ikashtuka kuona kwamba kijana wa Bangui alikuwa akicheza na sura yake muda mrefu kabla ya simu za kujipiga. Mwaka wa 2008 akajigeuza Nkrumah, Lumumba, Mandela, Haile Selassie, wote kwa uso mmoja. Mwaka wa 2023 alituzwa mjini London tuzo ya Deutsche Börse, mojawapo ya tuzo kubwa za upigaji picha. Yote yalianzia kwenye mabaki ya roli.

Na siku hizi ambapo hakuna roli? Mabaki yetu ni dakika. Ile robo saa ya kungoja maji yafike shambani kwako kwenye mfereji, kwa mfano, kwa wakulima wa nyanya na vitunguu wanaogawana zamu za chemchemi za Rombo.

Wajua pia kwamba unaweza kujipiga bila uso? Vivian Maier, yaya aliyelea watoto wa watu Chicago, alijipiga maisha yake yote kwenye vioo vya maduka na kwa kivuli chake kilicholala barabarani, wala hakuwaonyesha watu kazi yake. Maelfu ya negativu zake yalijulikana tu mwaka wa 2007, sanduku zake zilipouzwa kwenye mnada. Uwanda wa Rombo umekaa vizuri kwa kazi hiyo: jua likitoka tu, kivuli cha mtu mfupi huwa kirefu kuliko mti.

Je, wajua kwa nini unajiona mrembo kwenye kioo na wa ajabu kwenye picha? Mwaka wa 1977 watafiti wa Marekani waliwaonyesha wanawake picha zao mbili, moja ya kawaida na moja iliyogeuzwa kama kioo. Wenyewe walipendelea ile ya kioo. Marafiki zao wakapendelea ile nyingine. Kila mtu alipenda uso aliouzoea. Ndiyo maana kamera ya mbele hukuonyesha kioo wakati wa kulenga, na simu nyingine hukugeuzia picha ukishabonyeza. Ukiona maandishi ya fulana yanasomeka kinyumenyume, simu yako imekubembeleza.

Sasa rangi. Kwa miongo mingi Kodak ilituma kwa maabara za kuchapisha picha kadi ya kupimia rangi yenye sura ya mwanamke mweupe, na kadi hizo zikabaki na jina la mmoja wa wanawake hao, Shirley. Ngozi nyeusi ikatoka kama kivuli chenye meno. Mtafiti Lorna Roth ameeleza kwamba malalamiko yaliyoisukuma kampuni ishughulikie rangi za kahawia yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Watu weusi walikuwepo wakati wote huo.

Tecno, Itel na Infinix, simu zilizojaa mifukoni mwetu, zote ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, China, na moja ya njia zilizoipa soko Afrika ilikuwa kurekebisha kamera zake zione ngozi nyeusi.

Shuka jekundu nalo lina kesi yake. Kihisi cha kamera kimegawanywa kwa mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa Kodak miaka ya 1970: kati ya kila vijicho vinne, viwili huona kijani, kimoja bluu, kimoja chekundu. Jua kali likilipiga shuka, kile kimoja cha nyekundu hujaa pomoni kabla ya wenzake, na mikunjo yote ya kitambaa hupotea. Unabaki na doa jekundu lenye kichwa juu. Gusa shuka kwenye kioo cha simu, kisha teremsha mwanga kwa kidole mpaka mikunjo irudi. Shanga nyeupe za shingoni nazo zitakushukuru, maana ndizo huungua za kwanza.

Usiku, ukijipiga kwa fleshi mbele ya boma, macho yako yanaweza kuwa mekundu, hiyo ni damu ya nyuma ya jicho. Ya ng'ombe yatawaka kijani au bluu, kwa sababu nyuma ya jicho lake kuna utando unaorudisha mwanga. Fisi pia anao. Ukihesabu jozi za macho kwenye picha zikazidi mifugo yako, ingia ndani.

Ndovu si wa kujipiga naye. Utafiti wa 2018 ulikusanya vifo 259 duniani vilivyotokea watu wakijipiga picha kati ya 2011 na 2017. Kuzama majini kulishika namba ya kwanza, lakini wanyama walikuwa kwenye orodha. Rombo iko kwenye mapito ya ndovu kati ya Tsavo Magharibi na Amboseli, na ukimpa ndovu mgongo ili aingie fremu huoni masikio yake yanasema nini.

Je, wajua kwamba picha ya kwanza kutumwa papo hapo kutoka simu yenye kamera ilikuwa ya mtoto mchanga? Tarehe 11 Juni 1997, Philippe Kahn alikuwa hospitalini Santa Cruz, California, mkewe akijifungua. Aliunganisha kamera ndogo, kompyuta na simu yake ya mkononi, akawatumia picha ya binti yake jamaa na marafiki wengi kwa mpigo. Teknolojia yote hii, basi, ilianza kwa baba aliyetaka kusema mtoto ni huyu hapa.

Kumbe mambo ya nyumbani ndiyo hasa. Lakini tazama tunachopiga: harusi, mahafali ya chekechea na vile vikofia, mazishi. Katika nyumba nyingi za Kajiado picha pekee ya ujana wa mzee ni ile ya kitambulisho, macho yametumbuka, na ndiyo hukuzwa na fundi wa studio mpaka ikachanika chembechembe ili iwekwe kwenye kurasa za ratiba ya maziko. Kipande cha kikoloni, ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kukibeba tangu 1920, hakikuwa hata na sura. Kilichukua alama za vidole. Waliokivaa shingoni waliacha vidole bila uso.

Kwa hiyo jaribu kupiga siku ambayo si sikukuu. Nyanya akinyolewa kichwa asubuhi na binti yake. Tanki la maji likiteremshwa kwenye lori. Mtoto akijaribu sare ya dada yake, mikono ya sweta ikipita vidole. Kilo za kwanza za vitunguu kwenye mizani. Na umwambie huyo nyanya, "Koko, tazama huku," atakujibu kwanza umletee shanga zake. Mletee. Halafu piga pia zile sekunde anazozivaa, maana hapo ndipo uso wake wa kila siku ulipo.

Wajua selfi maarufu kuliko zote ina Mkenya? Ile ya usiku wa tuzo za Oscar, Machi 2014, iliyosambaa mpaka Twitter ikakwama: Lupita Nyong'o, aliyeshinda tuzo usiku uo huo, yumo nyuma. Wengi hawajui kwamba mbele yake, amejipenyeza katikati ya mastaa wa Hollywood, ni ndugu yake Peter. Kila picha ya familia ina mmoja kama huyo.

Je, wajua kwamba sura ya mtu ni data mbele ya sheria? Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ni ya 2019, na mwaka wa 2023 Kamishna wa Data alitoza faini ya Sh1,850,000 sehemu moja ya starehe jijini Nairobi kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Shule moja ilitozwa Sh4,550,000 kwa picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Selfi yenye watu wanane nyuma ina watu wanane wa kuulizwa.

Na mwenye picha ni nani, ukimpa mpita njia simu akupigie? Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamtambua kama mtunzi yule anayehusika na mpangilio wa picha. Ukichagua mahali, ukapanga mlima, jerikani na mwanga, naye akabonyeza tu, una hoja nzito mkononi. Hakimiliki hiyo hudumu miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka ilipopigwa au kutolewa hadharani, kutegemea lipi lilichelewa. Iliyotolewa 2024 inalindwa hadi mwisho wa 2074.

Kima je? Mwaka wa 2011 kima mmoja wa Indonesia alibonyeza kamera ya mpiga picha David Slater akajipiga selfi ya meno nje, na watetezi wa wanyama wakaenda mahakamani wakitaka haki iwe yake. Mwaka wa 2018 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba mnyama hawezi kushtaki kwa ajili ya hakimiliki. Basi tumbili wa Rombo wakikuchukulia simu shambani, mahindi wamekula, lakini picha hawana la kudai.